Boriti ya Lufingo na Redio ya Gwakisa

Boriti kuu ya kanisa letu la Lufingo ilipasuliwa na watu wawili waliokuwa hawasemezani. Walikuwa wamenuniana kabisa, hata salamu hawakupeana, na bado walishika msumeno mmoja, huyu juu na yule chini, wakaupitisha kwenye gogo la mti wa podo mwanzo hadi mwisho bila kutoka nje ya mstari hata unene wa ukucha. Jumapili ijayo inueni macho muitazame. Imenyooka mpaka leo! Wa chini nilikuwa mimi, Lusekelo. Wa juu alikuwa Gwakisa, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga ng'ombe wa baba zetu.

Vijana wa kwaya, ninyi ndio mlionitaka niandike. Kiongozi wenu alikuja nyumbani akaniambia, "Babu, tuandikie kuhusu mambo yanayotula muda sisi vijana na kutuacha watupu. Simu na vitu kama hivyo." Nikacheka, maana simu yangu najua kuipokea tu. Ninachokijua ni mbao. Basi nitawaeleza mbao, na ninyi mtaona wenyewe kama simu zimo ndani yake.

Siku hizi mnasikia chenso ikilia huko bondeni, na kabla chai yako haijapoa mti umekuwa mbao. Miaka ile ya baada ya Uhuru, tulipokuwa tunaingia kwenye Ujamaa, mbao ilitoka kwenye mabega ya watu. Tulichimba shimo refu, kina chake mtu asimame na kunyoosha mikono. Juu yake tulilaza miti miwili ya kukatisha, na juu ya miti hiyo tukaviringisha gogo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Msumeno ni mrefu kuliko mtu, una mpini juu na mpini chini, na meno yake hukata wakati wa kushuka. Wa juu anauinua na kuuongoza. Wa chini anauvuta.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Wa juu ndiye anayeuona mstari. Wa chini haoni kitu, unga wa mbao unamwagikia kichwani, masikioni, ndani ya shati, na akifungua mdomo bila mpango amekula podo. Mke wangu alikuwa hanipi chakula mpaka nijikung'ute nje kama kuku. Kazi ya wa chini ni kuvuta kwa nguvu zake zote huku akijua kwamba juu yake yupo anayeona. Watu wakiniuliza imani ni nini, mimi sina maneno ya kichungaji. Narudi shimoni tu. Miaka yote niliyokaa mle, hiyo ndiyo kazi niliyofanya.

Aliyetufundisha ni Mzee Anangisye, mtu mfupi mwenye shingo nene, aliyejifunza kwa mafundi wa zamani waliojenga misheni. Hakuanza kazi bila kuvua kofia na kuomba, lakini sala zake zilikuwa fupi. Wakati mmoja alikuja kijana kutoka Isongole kujifunza. Siku ya kwanza akaombwa afungue kwa sala. Aliomba kwa ajili ya msitu, kwa ajili ya serikali, kwa ajili ya wajane wa nchi jirani, akamaliza na Amina ya kutikisa mgomba. Kisha akashika msumeno ambao tangu asubuhi hakuunoa. Ukateleza juu ya gogo kama kijiko juu ya meza.

"Umemaliza kuongea na Mungu?" Mzee Anangisye akamuuliza.

"Ndiyo, tata."

"Haya, sasa ongea na tupa. Msumeno haujui kwamba umeokoka."

Kunoa ni nusu ya kazi. Jino moja unalilaza kidogo kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndipo msumeno upate nafasi ya kupita bila kubanwa. Baada ya hapo unapitisha tupa, kile chuma cha kunolea, na kila jino unalipa haki yake. Ukiruka moja kwa uvivu, mbao itakusema.

Nusu nyingine ya kazi ni kuimba. Msinicheke! Watu wawili hawawezi kushika msumeno mmoja kwa pumzi mbili tofauti. Wimbo ndio ulikuwa saa yetu. Wa juu anaanzisha mstari wa wimbo anapouinua msumeno, wa chini anaitikia anapouvuta. Mti laini tuliuimbia nyimbo za furaha za kanisani, za Kinyakyusa, zile za kuchangamka. Tukifika kwenye fundo la mti, ambapo ni lazima kwenda taratibu, tulihamia wimbo wa mazishi. Mpita njia akisikia mazishi yanaimbwa kwenye migomba alikuwa hashtuki. Alijua tu wapasua mbao wamefika kwenye fundo.

Gwakisa alikuwa na sauti kuliko sisi wote, na jicho lake lilikuwa la ajabu. Aliweza kuutazama mti uliosimama akakwambia moyo wake umekaa upande gani. Ndiyo maana alikuwa wa juu. Na huyo ndiye aliyenunua redio.

Aliinunua mjini Tukuyu, kwenye duka la Bwana Salimu, mshonaji ambaye familia yake ilitoka pwani zamani, na ambaye pamoja na nguo aliuza tupa, misumari, taa na kila kitu. Redio ilikuwa na mkanda wa kuning'iniza begani. Dada yake Gwakisa akaifumia kitambaa chenye maua, kama ya kufunika birika. Alipoileta shimoni mara ya kwanza, akina mama waliacha majembe. Sauti ya mtu wa Dar es Salaam ilitoka mle ndani, safi kabisa, ikasoma habari, ikasoma salamu za wagonjwa, kisha likapigwa dansi. Jamani! Hata mimi mwili ulinisisimka. Sitawadanganya kwamba kile kitu hakikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri mno, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu.

Kwanza redio iliondoa wimbo. Gwakisa akasema kwa nini tuchoke kuimba wakati wapo watu wanaotuimbia. Lakini dansi halisubiri msumeno. Lilikwenda kwa mwendo wake, sisi kwa wetu, na mabega yetu yakaanza kuumana. Mzee Anangisye alikuja, akasikiliza, akasema neno moja ambalo nimelishika mpaka leo: "Msumeno unafuata bega, na bega linafuata sikio." Gwakisa akamjibu kwa heshima kwamba sikio lake liko imara.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limefika juu ya madirisha. Matofali tulichoma wenyewe. Kilichobaki ni boriti kuu, ile inayobeba paa zima, na kwa urefu ule mti wa kufaa haukuwa unapatikana hovyo. Mikaratusi ilikuwepo tele, lakini mkaratusi ukiupasua leo, kesho unajipinda kama mlevi. Podo za urefu ule zilibaki mbili tu kijijini, zote kwenye kipande cha msitu cha mjane mmoja, Juba Tupokigwe. Juba ni mama kwa Kinyakyusa, na yeye alikuwa mama wa kila mtu. Akatoa mti mmoja kwa kanisa. Wa pili alijiwekea mwenyewe, kwa sababu kijiji kilikuwa kinapangwa upya kwa mistari, na yeye alikuwa mmoja wa waliotakiwa kuhama na kujenga nyumba mpya.

Tukaupandisha mti wa kwanza juu ya shimo. Siku ya Jumamosi mchana, tukiwa katikati ya gogo, redio ilikuwa imening'inia kwenye kijiti na mpira unatangazwa kutoka Dar es Salaam. Mimi niko chini, macho nimefumba. Ghafla nikasikia msumeno unabanwa. Nikavuta, mzito. Nikavuta tena, ukalia.

"Gwakisa! Umetoka kwenye mstari!"

"Subiri, kuna kona!"

"Kona gani?"

"Ya mpira! Inapigwa sasa hivi! Vuta tu!"

Nikavuta, Mungu wangu, nikavuta. Nilipopanda juu, mstari ulikuwa upande huu na njia ya msumeno imekwenda upande ule, imekata tumbo la mti kama mtu anayekwepa dimbwi. Boriti imekufa. Watu waliokuja kusikiliza mpira wakanyamaza, mtangazaji peke yake ndiye aliyekuwa anapiga kelele.

Nilimwambia Gwakisa mbele ya watu kwamba ameiuza nyumba ya Mungu kwa mpira. Akaniambia naona wivu kwa sababu sina hata filimbi. Baada ya hapo hatukusemezana tena. Tukikutana njiani, mmoja anachunguza mawingu, mwingine anachunguza viatu.

Siku chache baadaye tulikutana dukani kwa Bwana Salimu. Mimi nilifuata tupa, yeye alifuata betri, na kila mmoja alimtazama Salimu kana kwamba mwenzake ni ukuta. Salimu alikuwa anapima kitambaa. Redio yake ya dukani ilikuwa juu ya kabati, kimya.

"Bwana Salimu, yako mbovu?" Gwakisa akauliza.

"Nzima."

"Mbona huifungulii?"

"Napima suruali ya mtu. Nikikosea, mguu mmoja utafika sokoni kabla ya mwingine." Akaweka mkasi chini. "Habari za boriti yenu nimezisikia. Redio ina kitufe cha kuzimia, Gwakisa. Na kitufe nacho ulikilipia."

Gwakisa alichukua betri zake akaondoka.

Sasa ikabidi twende kwa Juba Tupokigwe kumwomba mti wa pili. Tulikwenda mimi, Mzee Anangisye na mzee mmoja wa kanisa. Gwakisa alitufuata kwa nyuma, akabaki uani. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Kaeni. Yule mwenye kipaji cha kusikiliza yuko wapi?"

"Yuko nje, juba," mzee wa kanisa akasema. "Anaona aibu."

"Na redio?"

"Amekuja nayo."

"Basi aibu yake bado ndogo."

Aliendelea kumenya. Sisi tukatazama moto. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia chumvi, kwamba mti tuuchukue. Ule wa kwanza uliopinda tumpasulie yeye mbao fupi fupi za nyumba yake. "Mimi mwenyewe nimepinda," akasema, "tutaelewana. Lakini kanisa si la kwangu nilipindishe. Ila nina sharti. Wapasue wale wale wawili."

Mzee wa kanisa akashtuka. "Juba, hawa hawasemezani!"

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia. Ndiyo maana nimesema wao. Mkiwapa wengine, boriti mtapata, lakini huyu kijana atakaa peke yake na lile sanduku mpaka azeeke."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na Gwakisa naye aliyasikia, maana ukuta ulikuwa wa mianzi.

Podo ya pili ikaanguka, ikapandishwa juu ya shimo. Huu ukiharibika hakuna mwingine. Mzee Anangisye akatutazama tulivyosimama kama majogoo wawili waliolowa, akasema, "Si lazima mseme. Imbeni. Wimbo ukisimama, msumeno usimame. Sauti ikishuka, mkono ulegee. Hayo mengine mtamalizana na Bwana." Gwakisa alikuja na redio yake, lakini aliiweka mbali, imefunikwa kitambaa chake cha maua, imezimwa.

Shida iliyotukuta haikutoka shimoni, ilitoka mawinguni. Mnajua mvua zetu za Rungwe, hazina adabu. Mstari wa kupasulia huchorwa kwa uzi uliochovywa kwenye masizi: unauvuta juu ya gogo, unauinua katikati, unauachia, unapiga pap! na kuacha alama. Manyunyu yakaja yakaosha masizi yote. Tukachora tena, yakaosha tena. Mzee Anangisye akasema mafundi wa mashamba ya chai wanatumia weusi wa ndani ya betri kuukuu, ukichanganywa na utomvu wa mgomba, na hautoki hata kwa mvua ya Aprili. Gwakisa akaenda kwao bila neno, akarudi na mfuko wa betri zilizokufa. Tukaziponda. Ninyi msijaribu, ule weusi si mzuri mwilini; sisi tulikuwa hatujui. Lakini mstari ulikuwa mweusi kama wanja!

Boriti ina pande nne, kila upande mstari wake. Tulipasua wa kwanza, wa pili, wa tatu, tukiimba. Yeye anaanzisha, mimi naitikia, na zaidi ya hapo kimya. Upande wa nne ulibaki kwa siku ya Jumamosi. Jumatatu yake balozi wa nyumba kumi alikuwa amepanga watu wote waje kuinua boriti, na baada ya siku hiyo watu walikuwa wanaingia shamba la ujamaa kwa palizi, hatungewapata tena kabla ya mvua kubwa.

Na Jumamosi ile ile kulikuwa na mpira mkubwa kutoka Dar es Salaam, timu zile zile, marudiano. Kazi ingekuwa imekwisha kabla haujaanza, kwa hesabu ya Gwakisa, ndiyo maana aliweka betri mpya. Vijana walianza kukusanyika tangu mapema, wakakaa juu ya mbao. Mimi nilikuwa tayari nimeingia shimoni, naweka sawa mpini. Mzee Anangisye akachovya uzi, akauinua, ukatoka mweupe.

Weusi umekwisha, na betri zilizokufa tulikuwa tumeziponda zote.

Kutoka mle shimoni niliona miguu ya Gwakisa tu, imesimama pembeni ya gogo, vidole vimekunjwa. Ikasimama muda. Kisha ikaondoka ikaelekea kwenye kijiti chenye redio.

Yaliyofuata niliyasikia tu, nikathibitisha baadaye kwa waliokuwepo. Nilisikia kifuniko kikifunguka.

"We Gwakisa, unafanya nini? Mpira unakaribia!"

"Kaka, nina baiskeli! Nikimbie Tukuyu nikalete betri nyingine!"

"Utarudi jioni," Gwakisa akasema.

"Basi toa mbili, uache mbili!"

"Redio haili nusu."

Halafu nyundo. Ko! Ko! Ko! Kila pigo, mtu mmoja alisikitika kwa sauti kama kwenye msiba. Mwingine akasema huyu amerogwa. Mwingine akasema hapana, ameokoka, nao wakaanza kubishana ni lipi kati ya hayo mawili. Weusi ukakorogwa, uzi ukachovywa, ukavutwa. Pap!

Miguu ikapanda juu ya gogo. Nikashika mpini. Gwakisa akavuta pumzi, akaanzisha wimbo. Na vijana wangu, sauti ile! Sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baada. Niliitikia nikiwa nalia, na mtu anayelia kwenye unga wa mbao anageuka uji. Tulikwenda na wimbo wa furaha mpaka karibu na mwisho, na hapo Gwakisa akahamia wimbo wa mazishi. Fundo. Taratibu, taratibu. Kwenye ubeti wa nne wa wimbo huo msumeno ukawa mwepesi tena, akarudi kwenye furaha, na wale vijana waliokosa mpira wakaanza kuitikia pamoja nami, wakipiga makofi juu ya mbao.

Gogo likafunguka. Kipande cha ubavu kikaanguka. Nikasikia sauti juu yangu.

"Lusekelo. Toka uone."

Nilitoka. Nilipiga jicho moja kutoka kichwa cha boriti hadi mwisho wake, nikashindwa kusema Kiswahili. Nikamwambia tu, "Ndaga." Asante. Akanifuta unga usoni kwa kile kitambaa cha redio chenye maua.

Jumatatu kijiji kizima kilikuja. Bwana Salimu naye alipanda kutoka mjini na kamba zake nene, akavua viatu, akavuta pamoja na wazee wa kanisa. Boriti ilipokaa mahali pake alimuuliza Gwakisa kama betri alizomuuzia zina nguvu. Gwakisa akanyoosha kidole juu. "Zimeshika paa," akasema. Juba Tupokigwe alijengewa nyumba yake kwa mbao za mti wa kwanza. Mlango wake ulikuwa na tumbo, na kila aliyepita aliambiwa huo ndio mlango wa kona.

Gwakisa alinunua betri nyingine baadaye, na redio ilisema tena, jioni, baada ya kazi. Alikuwa amekijua kitufe. Lakini matokeo ya ule mpira hakuyauliza. Watu wakija kumsimulia aliwazuia kwa mkono, na mimi nikamuunga mkono, nikaziba masikio yangu. Baadaye walioyajua wakahama, wengine wakafa, wengine wakasahau. Tumezeeka sote wawili bila kujua nani alishinda.

Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu Neema, aliyekuwa ananiandikia haya, aliweka kalamu chini akaniambia, "Babu, mbona hilo naweza kulitafuta kwenye simu? Mechi za zamani zipo." Nikamwambia subiri kwanza, hili si la kwangu peke yangu. Nikachukua fimbo nikaenda kwa Gwakisa, nikamkuta barazani anachambua mbegu za maharage, nikamuuliza: "Tutafute?"

Akatazama juu kule kanisani, akatazama maharage yake.

"Acha nifikirie," akasema.

Nimepita kwake leo asubuhi. Bado anafikiria.